Mkazo kwenye "second-hand" na "old-fashioned" uko wapi hasa, na neno linakatwa wapi?

Mwalimu wa Kayole · Jumanne, saa mbili usiku

Hamjambo nyote. Nafundisha Kiingereza Gredi ya 8 huku Kayole, na sasa hivi nina kundi la wanafunzi ninaowaandaa kukariri shairi la Kiingereza kwa pamoja, siku ya wazazi. Shairi wamelitunga wenyewe. Linahusu redio ya babu ya mmoja wao. Mistari inayonisumbua ni hii:

*My grandfather's radio is second-hand.*
*A second-hand radio, old-fashioned, bad-tempered,*
*but kind-hearted at night.*

Swali la kwanza ni la mkazo. Mwalimu mwenzangu anasema mkazo wa "second-hand" uko kwenye "hand", basi, na watoto waupige hapo kila neno linapotokea. Mimi nikisoma mstari wa pili kwa sauti ulimi unakataa, unataka kuanza na nguvu kwenye "SEC". Tumefungua kamusi ya shule, nayo inaonyesha mkazo mkuu kwenye "hand". Je, sikio langu linanidanganya?

La pili ni la silabi. Shairi lilipigwa chapa katika duka moja la kompyuta hapa mtaani, na "old-fashioned" ikafika mwisho wa mstari ikakatwa: "old-fas-" juu, "hioned" chini. Watoto wanavuta pumzi papo hapo kwenye mkato. Tena wengi wao wanasema "fa-sho-ned" kwa silabi tatu na "tem-pe-red" kwa silabi tatu. Maneno haya yana silabi ngapi, na yakilazimika kukatwa yakatwe wapi? Naomba na sababu, maana hawa watoto huuliza "kwa nini" mpaka uwape jibu lenye mashiko.

Mdau wa Donholm · Jumanne, saa tatu kasoro usiku

Mwalimu, tulivyofunzwa sisi ni rahisi: nomino ambatano mkazo mwanzoni, kivumishi ambatano mkazo mwishoni. "GREENhouse" ni kile kibanda cha kukuzia nyanya. Kwa vivumishi sema second-HAND, bad-TEMpered, old-FASHioned. Mwenzako yuko sawa.

Kalamu Nyekundu · Jumanne, saa nne usiku

Mwalimu, sikio lako ni zima na kamusi nayo haijakosea. Ndugu wa Donholm ameanza vizuri, ila ameishia katikati ya safari, na sehemu iliyobaki ndiyo unayoihitaji.

Nimesoma prufu kwa miaka mingi katika kiwanda cha uchapaji kule Industrial Area, sanasana vitabu vya shule. Siku hizi Jumamosi huketi na watoto wanaokuja kusoma maktaba ya Kaloleni, kwa hivyo hayo unayoyasikia Kayole nayasikia na mimi, tena kwa maneno yale yale. Niruhusu niandike kwa urefu. Jambo hili nalipenda na linanigusa, kwa sababu mtoto akilikosa huonekana hajui kusoma, ilhali kusoma anajua.

Tuanze na mkazo. Kivumishi cha aina ya "second-hand" kina mikazo miwili, mmoja mkuu na mmoja mdogo. Neno likiwa peke yake, au likiwa mwisho wa sentensi, mkazo mkuu hukaa kwenye kipande cha pili: *The radio is second-HAND. The radio is old-FASHioned.* Hiyo ndiyo sura iliyo kwenye kamusi, kwa kuwa kamusi huandika neno likiwa pweke. Sasa tia nomino baada yake, nomino inayoanza kwa silabi nzito kama "RAdio". Ukishikilia sura ya kamusi utapata "second-HAND RAdio", vishindo viwili vizito vikifuatana bila nafasi. Kiingereza hakipendi hilo. Kishindo kikuu kinarudi mwanzoni mwa kivumishi, pale palipokuwa na mkazo mdogo tangu awali: *a SECond-hand RAdio.* Ulimi wako ulipokataa, ulikuwa unafuata mwendo huo.

Wala si vivumishi ambatano peke yake. Husemwa *thirTEEN*, lakini *THIRteen BOYS*. *AfterNOON*, lakini *AFternoon TEA*. Jambo la kuangalia ni kwamba mkazo hauwezi kurudi mahali pasipo na kitu. "Polite" ina silabi ya kwanza dhaifu kabisa, kwa hivyo ni *poLITE CHILdren* na itabaki hivyo, hata kama vishindo vimekaribiana. "Second-hand" inaweza kuhama kwa sababu vipande vyote viwili ni maneno kamili yenye uzito wake.

Kama unataka watoto walisikie hili bila kuwachosha na nadharia, wape viatu vya Gikomba, lile soko letu la mitumba. Waseme *These shoes are second-HAND*, kisha *SECond-hand SHOES*, huku wakigonga dawati kwa kidole kwenye silabi nzito tu. Kwenye sentensi ya kwanza kidole kinashuka mwisho kabisa. Kwenye ya pili kinashuka mwanzo na mwisho, na "hand" inapita katikati kidole kikiwa hewani. Mtoto akishahisi kidole chake kimebaki hewani, huna haja ya kumfafanulia zaidi.

Sasa tazama shairi lenyewe, kwa sababu hawa watoto wametunga kitu kizuri kuliko wanavyojua. Mstari wa kwanza unaishia na "second-hand", kwa hivyo mkazo nyuma. Mstari wa pili unaanza na neno lilo hilo likifuatwa na "radio", kwa hivyo mkazo mbele. Neno moja, sura mbili, zikifuatana pua na mdomo. Mkilisema kama mwenzako anavyotaka, mtaua hilo badiliko, nalo ndilo linalofanya mstari wa pili uruke. Lakini angalia: "old-fashioned" na "bad-tempered" kwenye mstari huo zimekuja baada ya nomino na kila moja inafuatwa na kituo. Hapo hakuna kinachozisukuma. Ni *old-FASHioned, bad-TEMpered*. Vivyo hivyo *kind-HEARTed at NIGHT*. Kama siku nyingine wataandika "an old-fashioned radio", hapo itakuwa *an OLD-fashioned RAdio*.

John Wells, katika kamusi yake ya matamshi iliyotoka 1990, aliyawekea maneno yanayohama hivi kialama chake, kipembetatu cheusi kinachotazama kushoto. Kamusi nyingi za shuleni hazina alama hiyo, na mwalimu hubaki akidhani mkazo umegongelewa misumari.

Nije kwenye silabi, ambako nadhani ndiko shida ya watoto wako inakoanzia, hata ile ya mkazo.

Mkazo wa Kiswahili nao unahama, ila unahama kwa hesabu: silabi ya pili kutoka mwisho. *AnaSOma*, ukiongeza kiambishi inakuwa *anasoMAje*. Tukiunganisha mwana na sheria, neno zima linapata mkazo mmoja tu, *mwanasheRIa*. Mtoto wa Kayole anaingia kwenye Kiingereza akiwa na hesabu hiyo kinywani, na wala si jambo la kumwonea haya. Sasa mpe "bad-tempered". Akiisema kwa silabi tatu kama inavyotakiwa, *bad-tem-pered*, ya pili kutoka mwisho ni "tem", na hesabu ya Kiswahili inampeleka mahali sahihi bila kujua. Akiongeza irabu, *bad-tem-pe-red*, ya pili kutoka mwisho inakuwa "pe", naye anasema *bad-temPEred*. "Old-fa-sho-ned" nayo inaangukia *fa-SHO-ned*. Kumbe sikio la mkazo analo, kilichomponza ni silabi moja ya ziada. Ukitumia kipindi kizima kumwambia "kaza hapa, usikaze pale" utachoka bure. Punguza silabi kwanza, uone mkazo unavyojirudi.

Silabi hiyo ya ziada inatoka kwenye "-ed". Jicho linaona irabu "e" na mkono wa Kiswahili haujazoea kuiacha irabu bila kuitamka. Kanuni yake ni fupi: kipande kinachotangulia kikiishia kwa sauti ya t au d, "-ed" ni silabi kamili. *Kind-heart-ed. Left-hand-ed. Ab-sent-mind-ed. Short-sight-ed.* Kikiishia kwa sauti nyingine yoyote, "-ed" haina irabu, inajishikiza kwenye silabi iliyotangulia kama konsonanti tu. Ndiyo maana "tempered" ni mbili, "fashioned" ni mbili, "two-faced" nzima ni mbili, "blue-eyed" nzima ni mbili. Sababu yake watoto wataielewa: jaribu kutamka t na d zikifuatana bila irabu katikati. Haiwezekani ukasikika, kwa hivyo lugha imetia irabu pale inapohitajika tu.

Kuhusu "fas-hioned", huo mkato ni mbaya London na ni mbaya New York. "Sh" ni herufi mbili lakini sauti moja, na sauti moja haipasuliwi. Ikilazimu, ni "fash-ioned". Kwa nini "sh" inabaki na kipande cha kwanza badala ya kwenda na cha pili, kama ambavyo sisi tungesema fa-shi? Kwa sababu irabu fupi ya Kiingereza yenye mkazo hufungwa na konsonanti, haiachwi wazi. Silabi zetu karibu zote ni wazi, na funge tunazikuta hasa kwenye maneno tuliyoyapokea: *lab-da, mak-ta-ba, ras-mi*. Tumia hizo. Mtoto anayesema "mak-taba" bila taabu ataweza "fash-ioned".

Lakini kwenye karatasi, neno ambalo tayari lina kistari hukatwa kwenye kistari chake, hapo hapo, na si kwingine: "old-" juu, "fashioned" chini. Kiwandani tulilishika hilo kama amri. Ukiongeza kistari cha pili msomaji hajui kipi ni cha neno na kipi kimeletwa na ufinyu wa mstari, na ndicho kilichowapata watoto wako.

Tena usiuchukue mkato wa uchapaji ukaufanya somo la matamshi. Ni vitu viwili. Waingereza kwa kawaida hukata "know-ledge" wakifuata asili ya neno, Wamarekani hukata "knowl-edge" wakifuata sauti, na wote hulitamka vile vile kwa karibu. Mwelekeo huo wa Kimarekani una mizizi kwa Noah Webster, ambaye kitabu chake cha tahajia cha 1783 kiligawa silabi kwa kufuata mdomo na kuhesabu "-tion" kuwa silabi moja badala ya mbili. Na mashine je? Frank Liang, katika tasnifu yake ya 1983 pale Stanford, alitengeneza njia ya kompyuta kukata maneno ya Kiingereza kwa kutumia ruwaza 4,447 za herufi. Ni za herufi, si za sauti. Ni kazi ya kupendeza sana, na wachapaji tumeifaidi, lakini haikukusudiwa kumfundisha mtoto kusema.

Kwa shairi la watoto, mwambie aliyepiga chapa azime kabisa ukataji wa maneno kwenye programu, na mistari ianzie kushoto bila kulazimishwa kujaa. Mstari wa shairi ukatwe na mtunzi pekee.

Mwalimu wa Kayole · Jumatano, saa moja jioni

Kalamu Nyekundu, ubarikiwe. Leo tulitumia viatu vya Gikomba na vidole. Ile ya kupunguza silabi imefanya kazi haraka kuliko nilivyotarajia: msichana mmoja aliyekuwa akisema *temPEred* aliambiwa tu aseme kwa silabi mbili, na mkazo ukaenda mahali pake bila mimi kuutaja.

Ila wamechachamaa, wameongeza mstari: *a heartbreaking, time-consuming radio on a three-legged table.* Mwenzangu sasa anasema kwa kanuni ile ile iwe *heart-BREAKing* na *time-conSUMing*, kisha virudi nyuma vikikutana na nomino. Mimi nasikia vimeanza mbele tangu mwanzo. Na "legged" ni silabi moja au mbili?

Sol-fa Makadara · Jumatano, saa mbili na nusu usiku

Nichangie kwa upande wa kwaya, maana sisi tusipogawa silabi vizuri wimbo hauimbiki. Nikiandika maneno chini ya sol-fa, kila silabi inapata noti yake, na silabi nzito lazima ije mara tu baada ya mstari wa kipimo. Hapo huwezi kujidanganya. "Tempered" ukiipa noti tatu, waimbaji watatu watakutazama. Ukiandika "second-hand radio", "sec" inaingia baada ya mstari, "ond-hand" zinapita kwenye mapigo mepesi, "ra" inaingia baada ya mstari unaofuata. Kipimo cha mapigo matatu kinaikaa sawasawa.

Tahadhari moja kwa Mwalimu: kuna vivumishi ambavyo "-ed" yake ni silabi kamili hata bila t wala d. *Na-ked, wick-ed, rug-ged, crook-ed.* "Blessed" ikiwa kivumishi kwenye nyimbo za ibada huimbwa *bless-ed*, noti mbili, lakini ikiwa kitenzi ni noti moja. Watoto wengi wamelelewa kwenye nyimbo hizo, na nafikiri baadhi wanaibeba ile noti ya pili na kuipeleka kwenye "tempered".

Kalamu Nyekundu · Jumatano, saa nne kasorobo usiku

Sol-fa, asante kwa hiyo ya nyimbo za ibada. Ni kweli, na nimeisikia Kaloleni bila kuitambua chanzo chake.

Mwalimu, hapa mwenzako amepanua kanuni kupita mpaka wake. Angalia kipande cha kwanza ni neno la aina gani. "Old", "bad", "kind", "left" ni vivumishi, na kipande cha pili ni nomino iliyotiwa "-ed". Hizo mkazo nyuma, na zinahama. "Good-looking" na "hard-working" nazo zinafuata njia hiyo. Lakini "time" na "heart" ni nomino, na zinatendwa na kitenzi kinachofuata: kazi inakula muda, habari inavunja moyo. Vivumishi vya aina hii mkazo wake uko kwenye nomino, mbele, na haubanduki popote utakapoliweka neno: *The work is TIME-consuming. TIME-consuming WORK. The news is HEARTbreaking. HEARTbreaking NEWS.* Hakuna kinachorudi kwa sababu hakikwenda. Wanaoingia na kundi hili ni *HOMEsick*, *WAterproof* na *TRUSTworthy*.

Usimwambie, lakini, kwamba kila nomino ikitangulia basi mkazo uko mbele. Nomino ikiwa ya kulinganisha au ya kutia nguvu, mkazo unarudi kipande cha pili: *ice-COLD*, *brand-NEW*. "Tax-free" na "duty-free" nazo ni *tax-FREE, duty-FREE*. "Handmade" na "homemade" zina nomino mwanzoni na bado kamusi nyingi zinazipa *handMADE, homeMADE*. Hizi zote zinahama zikikutana na nomino nzito: *an ICE-cold SOda*, *a BRAND-new BUS*. Kwa Gredi ya 8 ningechukua makundi mawili ya kwanza, yaani *old-FASHioned* na *TIME-consuming*, nikaziacha hizi zingine wazikute kwenye kusoma, kila moja na siku yake.

"Three-legged" ni ya kundi la "old-fashioned", ila kipande cha kwanza ni namba: *three-LEGged*, na ikifuatwa na "table" inakuwa *a THREE-legged TAble*. Silabi za "legged" zinakubalika zote mbili, *leg-ged* mbili au *legd* moja. Wasemaji wazuri wa Kiingereza wanagawanyika hapo. Kwa kundi linalosema kwa pamoja lazima uchague moja. Mimi ningechagua mbili, kwa sababu ya mapigo: *THREE-leg-ged TA-ble* ina silabi mbili nyepesi katikati, sawa kabisa na *SEC-ond-hand RA-dio* iliyotangulia, na masikio ya wazazi yatausikia huo mwendo ukirudi. Ukichagua moja, "three" na "table" zitabanana na mstari utakwaruza.

Kwenye nakala mpya pigia mstari silabi nzito tu kwa penseli, usiandike vistari vya silabi katikati ya maneno. Na mtoto aliyetunga mstari wa meza aachiwe aseme "a three-legged table" peke yake, wengine wakinyamaza.